Tochi ya Saa Nane Usiku: Namna ya Kuchagua Mwanga wa Kulinda Nyumba Yako

Usiku mmoja wa mgao wa umeme nilitoka uani nikiwa na panga mkono wa kulia na tochi mkono wa kushoto. Nilikuwa nimesikia kishindo cha mtu akiruka ukuta. Betri za tochi zilikuwa humo tangu Ramadhani iliyopita, na mwanga wake ulikuwa wa njano, mpana kama kisahani cha chai. Pembeni ya simtanki nikaona mtu amechuchumaa. Sikuona uso, sikuona mikono. Niliona mtu, basi, na mkono wa panga ukaanza kupanda.

“Mjomba, ni mimi!”

Alikuwa mpwa wangu. Alikuwa ametoka msibani usiku mkubwa, hakutaka kuamsha watu, akaruka ukuta na alikuwa amechuchumaa kuvua viatu. Sauti yake ndiyo iliyomwokoa. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na tochi yangu.

Tangu usiku ule nachagua tochi kwa makini kama mtu anavyochagua kufuli. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayelala na familia ndani ya nyumba, mjini au kijijini, na unataka kujua ununue mwanga gani, uuweke wapi na uutumie vipi usiku mambo yakiharibika.

KWANZA ELEWA: MWANGA NI WA KAZI GANI?

Wengi hununua tochi wakifikiria mwizi. Mwizi ni mmoja tu kati ya watu unaoweza kukutana nao usiku. Wengine ni mtoto anayekwenda chooni, mgeni aliyechelewa, mlinzi wa jirani, mlevi aliyekosea geti, au mgonjwa anayetafuta msaada. Kwa hiyo mwanga wa nyumbani una kazi tatu, na mpangilio wake ni huu:

1. Kutambua. Ujue ni nani, ana nini mikononi, na yuko peke yake au la, kabla hujafanya jambo lisilorudishwa nyuma.
2. Kuzuia. Anayetaka kuiba hapendi kuonekana. Uani penye mwanga humfanya afikirie mara mbili.
3. Kuongoza. Watoto na wazee wafike chumba salama bila kujikwaa.

Kupigana hakumo katika orodha hiyo. Tochi nzuri ni ile inayokuwezesha kubaki ndani, mlango umefungwa, na bado ukajua kinachoendelea nje.

NAMBA KWENYE BOKSI ZINASEMA NINI?

Dukani utakutana na namba kubwa kubwa. Mbili tu ndizo za kuzijua kwanza.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, kama kusema ndoo ina lita ngapi za maji.

Kandela ni nguvu ya mwanga pale katikati ya mwale. Maji yale yale ya ndoo ukiyapitisha kwenye mpira mwembamba yatafika mbali, na ukiyamwaga kwa beseni yatatapakaa miguuni. Tochi mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana sana. Moja itamulika mwembe ulio mwisho wa shamba, nyingine itaangaza sebule nzima na isifike hata getini.

Watengenezaji wanaofuata kipimo rasmi cha tochi huandika pia umbali wa mwale kwa mita. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 2,500 ni mita 100. Lakini katika umbali huo mwanga unaobaki ni robo tu ya luksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu), karibu sawa na mbalamwezi. Kwa mwanga wa mbalamwezi utajua kuna mtu, lakini hutajua ni nani.

> KANUNI YA KUKUMBUKA
> Gawa umbali wa kwenye boksi kwa nne. Tochi iliyoandikwa mita 200, itegemee kwa mita 50. Kwa kuwa mwanga huongezeka kadiri unavyosogea karibu, katika robo ya umbali unakuwa na nguvu mara 16, na hapo ndipo uso na mikono huanza kuonekana vizuri.

LUMENI NGAPI ZINATOSHA?

- Ndani ya nyumba: lumeni 100 hadi 300. Ukuta mweupe, kioo na mlango wa friji hurudisha mwanga mkali machoni mwako mwenyewe, ukabaki unaona madoa.
- Uani na getini: lumeni 300 hadi 600, mwale usiwe mwembamba sana.
- Shamba, banda la ng'ombe, kiwanja kikubwa: hapa angalia kandela zaidi ya lumeni. Kuanzia kandela 10,000 utaona mbali vya kutosha.

Kumbuka pia macho yako. Ukiwa gizani, macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Ukiamka usingizini tayari yamezoea. Ukiwasha mwanga mkali kabisa ukutani hapo hapo kitandani, unayapoteza yote hayo kwa sekunde moja. Ndiyo maana tochi yenye ngazi mbili, hafifu na kali, ni bora kuliko yenye ukali mmoja tu.

HATUA SITA ZA KUNUNUA TOCHI

1. Pima eneo lako kwanza. Tembea mchana kutoka dirisha la chumba chako hadi getini, hesabu hatua. Hatua moja ya mtu mzima ni pungufu kidogo ya mita. Hapo utajua unahitaji mwale wa umbali gani, wala muuzaji hatakuchagulia.

2. Chagua aina ya betri unayoweza kuipata na kuichaji. Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo nimeitengea sehemu yake hapa chini.

3. Jaribu swichi ukiwa umefumba macho. Usiku utaishika hivyo. Kidole gumba kiipate bila kutafuta. Mbonyezo wa kwanza uwashe mwanga wa kawaida. Tochi inayokulazimisha kupita kwenye mwanga wa kumetameta na wa dharura ndipo upate mwanga wa kawaida, irudishe kabatini.

4. Iwashe dukani kwa dakika tatu. Zipo tochi zinazong'aa sana sekunde za mwanzo, kisha zinafifia. Kupata joto ni kawaida. Kuchoma mkono si kawaida. Igonge taratibu kwenye kiganja: ikizimika au kukonyeza, miunganiko ya ndani ni milegevu.

5. Mulika kitu chenye rangi. Tochi za bei rahisi mara nyingi huja na mwanga wa bluu unaofanya nyekundu ionekane kahawia. Ukija kuulizwa na polisi mtu alivaa shati gani, utajibu kosa. Mwanga mweupe wa kawaida hutambulisha rangi vizuri zaidi.

6. Soma alama ya kuzuia maji. IPX4 inahimili mvua na matone. IP67 inahimili vumbi, na hata ikitumbukia kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa itapona. Kwa nyumba za Tanga, Mombasa, Unguja na kote pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma, chagua mwili wa aluminiamu iliyopakwa vizuri au plastiki ngumu.

BETRI: PALE PANAPOUA TOCHI NYINGI

Betri kavu za dukani. Zinapatikana kila mahali, na hiyo ni sifa kubwa. Kasoro yake ni kuvuja. Zikikaa miezi ndani ya tochi hutoa uchafu unaokula vyuma vya ndani. Usichanganye mpya na kuukuu. Kama tochi ni ya akiba, weka betri pembeni yake ndani ya mfuko mkavu.

Tochi za kuchomeka ukutani zenye betri ya asidi. Hizi ndizo nyingi majumbani. Adui yake ni kukaa bila chaji. Ikiachwa tupu kwa miezi, haitashika chaji tena. Ichaji angalau mara moja kwa mwezi hata kama hukuitumia.

Betri za lithiamu. Iliyo maarufu ni 18650. Namba hizo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Zinatoa mwanga mkali kwa saa nyingi, na tochi nyingi za siku hizi huzichaji kwa waya ule ule wa simu.

> ONYO: NAMBA ZA UONGO
> Betri halisi ya 18650 hubeba chaji ya hadi takriban mAh 3,500, na haivuki hapo kwa mbali. Ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa mAh 6,800 au 9,900, ni uongo mtupu, na aliyedanganya kwenye namba hatashindwa kudanganya kwenye usalama. Ishike pia mkononi: halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyo nyepesi mno iache.

Betri za lithiamu zikipata joto au zikitoboka zinaweza kuwaka moto. Kwa hiyo: usichaji juu ya godoro wala karibu na chandarua, usitumie betri iliyochubuka ganda, iliyovimba, au iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu, usichaji usiku kucha ukiwa umelala.

TOCHI PEKE YAKE HAITOSHI: PANGA MWANGA KWA TABAKA TATU

Tabaka la nje: taa ya sensa. Taa za sola zenye sensa zimeenea, na kwa nchi zetu zenye jua la kutosha zinafaa, maana hazijali umeme ukikatika. Sensa yake huhisi joto la mwili linalotembea. Kutokana na hilo kuna mambo manne ya kuzingatia:

- Ifunge urefu wa mita 2 hadi 3. Chini ya hapo itang'olewa, juu sana itakosa kuona.
- Ielekeze ili mtu *akatize* mbele yake. Sensa huona vizuri anayepita kushoto kwenda kulia kuliko anayeijia moja kwa moja.
- Usiku wa joto kali sensa hupungua makali, kwa sababu tofauti ya joto la mtu na la hewa ni ndogo. Watu wa pwani, wekeni taa mbili badala ya moja.
- Futa vumbi kwenye kioo cha sola. Barabara ya vumbi inaweza kuigeuza taa nzuri kuwa pambo.

Usimulike dirisha la jirani. Jirani asiyelala kwa sababu ya taa yako hatakuwa na haraka ya kuja ukipiga kelele.

Tabaka la ndani: taa hafifu ya koridoni. Taa ndogo ya kuchaji inayojiwasha umeme ukikatika inatosha kabisa. Kazi yake ni moja: yeyote anayetembea ndani usiku atambulike kwa umbo, na watoto wasianguke.

Tabaka la mkononi: tochi. Ikae mahali pamoja daima. Si chini ya mto leo na juu ya kabati kesho. Ifunge kamba, itundike msumarini upande unaolala. Kila mtu mzima ndani ya nyumba apajue mahali hapo.

UKISIKIA KISHINDO USIKU: HATUA KWA HATUA

1. Usifungue mlango. Sikiliza. Hesabu watu wa nyumbani: nani amelala wapi, nani hajarudi? Hatua hii peke yake ingetosha kwangu usiku ule. Mpwa wangu hakuwa chumbani mwake, nami sikuuliza.
2. Zima taa ya ndani, washa ya nje. Ukiwa na mwanga nyuma yako, pazia linakuonyesha kama kivuli, na wewe huoni kilicho nje. Geuza: giza liwe kwako, mwanga uwe kwake.
3. Kusanya familia chumba kimoja, chenye mlango imara, kwa kutumia mwanga hafifu ulioelekezwa sakafuni.
4. Piga simu. Polisi ni 112 Tanzania. Kenya ni 999 au 112. Kisha mpigie jirani, balozi wa nyumba kumi au kiongozi wa ulinzi wa mtaa. Namba hizi ziwe zimeandikwa ukutani, kwa sababu simu huishiwa chaji usiku ule ule unaoihitaji.
5. Mulika kupitia dirishani, ukiwa umesimama pembeni ya fremu, si katikati. Shika tochi mbali na kichwa chako. Anza na mikono ya mtu, kisha uso.
6. Uliza kwa sauti kubwa: “Wewe nani?” Mpe nafasi ya kujibu. Wa nyumbani atajibu jina lake. Mwenye nia mbaya akishajua ameonekana, mara nyingi ataondoka, mwache aondoke.
7. Usimfuate gizani, na usipige yowe la “mwizi” kabla hujajua ni nani. Sote tunajua yowe hilo likisikika mtaani umati hauulizi maswali. Ukikosea, hutaweza kumrudisha mtu.

KAMA UNAMILIKI BASTOLA KWA LESENI

Wachache miongoni mwa wasomaji wanamiliki silaha kisheria. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Huenda umeona taa ndogo zinazofungwa chini ya mtutu ukatamani moja. Kabla hujanunua, waulize waliokupa leseni kama unaruhusiwa, kisha uelewe hatari yake kubwa: taa hiyo inamulika pale tu mtutu unapoelekea. Ukiitumia kutafutia mtu sebuleni, unamwelekezea bunduki kila unayemulika, hata mwanao anayetafuta maji ya kunywa.

Kwa hiyo:

- Taa ya silaha haichukui nafasi ya tochi ya mkononi. Kutafuta na kutambua ni kazi ya tochi, daima.
- Ichague yenye ukubwa unaooana na silaha yako na mkoba wake. Mkoba uliokuwa unatosha kabla ya taa hautafaa tena.
- Swichi iwe ya kuwasha na kuzima tu, na ifikiwe na kidole gumba. Kidole cha kufyatulia kisihusike na taa hata kidogo.
- Ifungwe na fundi wa silaha anayetambulika, silaha ikiwa haina risasi na imekaguliwa mara mbili.
- Silaha hukaa ndani ya sefu iliyofungwa. Tochi ndiyo inayokaa kando ya kitanda.

Tarehe 14 Februari 2013, jijini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, usiku, nyumbani kwake. Alisema alidhani ni mvamizi. Aliyekuwa nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia, ikisema alipofyatua alijua anaweza kumuua yeyote aliyekuwa humo, na kwamba kutojua ni nani hakukumpa kinga. Hilo ndilo neno la kulishika: “sikujua ni nani” si utetezi. Ni wajibu wako kujua.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kutegemea tochi ya simu. Inaangaza mita chache tu, na inakula chaji ya simu unayotakiwa kuitumia kuomba msaada.
- Kununua kwa kufuata lumeni pekee. Lumeni 10,000 kwenye boksi la tochi ya bei ya chee ni maneno ya karatasi.
- Kupenda mwanga wa kumetameta. Unamchanganya anayemulikwa na wewe pia, hasa ndani ya kuta nyeupe. Kwa baadhi ya wenye kifafa unaweza kuamsha degedege.
- Kumpa mtoto tochi ya ulinzi achezee. Asubuhi utaikuta imezima. Mnunulie yake.
- Kuwa na tochi moja tu. Moja nzuri na moja ya akiba ya betri kavu ni bora kuliko moja ya gharama kubwa.

ORODHA YA KUKAGUA KILA MWANZO WA MWEZI

☐ Tochi kuu ina chaji, na iko mahali pake.
☐ Tochi ya akiba inawaka, betri hazijavuja.
☐ Miguso ya betri imefutwa kwa kitambaa kikavu.
☐ Taa ya sensa inawaka mtu akikatiza. Kioo cha sola ni safi.
☐ Taa ya koridoni inajiwasha ukizima swichi kuu.
☐ Namba za simu ukutani bado zinapatikana.
☐ Kila mtu wa nyumbani anajua utaratibu: *ukichelewa kurudi, piga simu kwanza, ukifika, ita jina lako getini.*

Kipengele hicho cha mwisho hakina gharama yoyote, na nyumbani kwetu ndicho kilichoanza siku ile ile kulipopambazuka.

Leo jioni, kabla hujalala, zima taa zote, simama dirishani na tochi yako, umwombe mtu wa nyumbani akasimame getini. Kama huwezi kutaja alichoshika mkononi, hiyo tochi haikulindi, wala haimlindi yeye. Kabla mwezi haujaisha, tafuta nyingine.